Jirani kang'oa lengalenga zangu: niiache bustani ya jamii?

SWALI

Kaka mtaalamu, salamu. Mimi ni mama wa Kikongomani, mzaliwa wa Uvira. Nilikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani, na sasa ninaishi Aurora, Colorado. Mwaka huu nimepata kipande kwenye bustani ya jamii iliyo karibu na nyumba zetu. Wanaonizunguka ni mzee mmoja Mmarekani, familia ya Wanepali waliotoka Bhutan, Wakareni wa Burma na mama mmoja wa Mexico. Nilipanda lengalenga, mboga yetu ya majani, zikaota vizuri. Juzi nimefika asubuhi nikakuta zimeng'olewa zote. Mzee anasema aliona magugu yananizidi, akataka kunisaidia. Juu ya hilo maji tunagombania kila jioni, na mikutano yote ni Kiingereza, mwanangu wa miaka kumi na mbili ndiye ananitafsiria. Tuliambiwa bustani hii inaunganisha watu. Mimi naona inatugombanisha. Je, ni kweli zinaunganisha au ni maneno tu? Niache au nibaki?

JIBU

Pole sana dada. Kukuta tuta tupu baada ya wiki za kumwagilia kunaudhi, na msamaha hauingii chunguni. Nitagusa yote uliyouliza, lakini naanza na lile la kama bustani zinaunganisha watu, kwa sababu mengine yanalitegemea.

Bustani haiunganishi watu kwa kuwa tu wanalima jirani. Watu wanaweza kulima ubavu kwa ubavu misimu mitano wasijuane majina. Kila mtu anafika, anamwagilia, anachuma, anaondoka. Kinachowalazimisha kujuana ni vile vitu vichache ambavyo hakuna anayeweza kuwa navyo peke yake: bomba la maji, lundo la mboji, toroli, ufunguo wa geti. Ugomvi huanzia hapo, na ujirani nao huanzia hapo hapo. Bustani isiyo na ugomvi wowote mara nyingi ni bustani ambayo watu wake hawana shughuli na wenzao. Yenu imeshavuka hatua hiyo. Inachokosa ni utaratibu.

Umeuliza kama ni maneno tu. Mji uliopo wewe una historia nzuri ya jambo hili. Shirika la Denver Urban Gardens, ambalo leo lina bustani zipatazo 200 Denver na miji ya jirani, Aurora ikiwemo, lilianza mwaka 1978 wakazi wachache walipowasaidia kina mama wa Kihmong, wageni waliotoka Asia, kupata mahali pa kupanda mboga zao. Hakukuwa na mradi mkubwa: wageni walitaka kulima na wenyeji walijua kiwanja kilipo. Ujerumani, katika mji wa Göttingen, mambo yalikwenda hivyo hivyo mwaka 1996. Wanawake wa Bosnia waliokimbia vita walipoulizwa wanakosa nini zaidi ugenini, walisema bustani zao. Bustani iliyozaliwa pale ikachanganya watu wa mataifa mengi, na leo Ujerumani ina mamia ya bustani za namna hiyo.

Kuna hata utafiti uliofanyika hapo hapo Denver na Aurora. Mtafiti Jill Litt na wenzake walichukua watu 291 waliokuwa wanasubiri kupata kipande. Kwa bahati nasibu wakawagawa makundi mawili: nusu wakapewa vipande, nusu wakaambiwa wasubiri mwaka mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Waliolima walikula nyuzinyuzi za vyakula zaidi kwa gramu 1.4 hivi kwa siku, walijishughulisha kimwili dakika kama 6 zaidi kila siku, na wasiwasi ukawapungua. Gramu moja na nusu si muujiza, wala mimi sikuuzii muujiza. Ila ni matokeo ya kupimwa, siyo hotuba ya siku ya kukata utepe.

Sasa lengalenga, ambazo sisi wa Tanzania tunaziita mchicha. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nadhani tuta lako lililong'olewa ndilo ufunguo wa bustani nzima.

Kwanza mzee huyo tumtendee haki. Marekani ina michicha ya mwituni inayosumbua wakulima kuliko karibu magugu yote. Ule wenye mzizi mwekundu, unaoota kila kona ya mji, mche mmoja ukiachwa ukakomaa unaweza kumwaga mbegu zaidi ya 100,000. Jamii nyingine, inayoitwa Palmer, imezoea dawa za magugu kiasi kwamba majimbo kama Ohio na Minnesota yameiweka kwenye orodha ya magugu yanayopigwa vita kisheria. Mtu aliyekulia kwenye nchi hiyo, tangu utoto anafundishwa kung'oa mche huo akiuona tu. Lengalenga changa na gugu lile, katika wiki mbili za kwanza, hata mimi niliyesomea kilimo huwa nainama kuangalia vizuri kabla ya kusema. Na kama ulimwaga mbegu kwa kutawanya, kama tunavyofanya nyumbani, basi machoni pake ilikuwa ni tuta lililotelekezwa.

Lakini angalia wanaokuzunguka. Wanepali wanakula mchicha. Kwao unaitwa latte, wanaukaanga na kuula na wali na dengu. Mama wa Mexico anaujua kwa jina la quintoniles, na nchini kwake mbegu za mchicha zilikuwa miongoni mwa vyakula vikuu vya Waazteki kabla Wahispania hawajafika. Burma nako mchicha ni mboga ya kila siku. Kwa maneno mengine, katika bustani yenu ni mzee peke yake asiyejua kwamba ile ni mboga. Wengine wote, wangekuwepo asubuhi ile, wangemshika mkono asing'oe.

Na si mchicha tu. Ngaingai, yaani rosela, unayotafuta kwa bei ya kuruka kwenye maduka ya Kiafrika, Waburma wanaipenda pengine kuwashinda Wakongomani. Majani yale machachu wanayapika na uduvi. Mama wa Mexico anakausha maua yake kwa ajili ya kinywaji. Majani machanga ya maboga wanayala Wanepali kama sisi, na Wamexico wanapika maua. Kwa hiyo kabla ya kuomba mkutano wowote wa amani, zunguka siku moja na mfuko wa mbegu. Mwoneshe mama wa Mexico mbegu za ngaingai. Mwoneshe Mnepali mche wa lengalenga. Hutahitaji Kiingereza cha kutosha hata kuulizia basi.

Kuhusu kupanda upya, hujachelewa. Huko baridi ya kugandisha kwa kawaida huisha katikati ya Mei na kurudi mwanzoni mwa Oktoba. Lengalenga zinataka wiki tatu hadi nne tu kuanza kuchumwa, hivyo ukipanda sasa Juni unakula Julai, na unaweza kuendelea kupanda kidogo kidogo mpaka mwisho wa Julai. Fanya hivi: vuta mistari iliyonyooka kwa kamba, umbali wa sentimita 20 kati ya mstari na mstari, kisha tandaza nyasi kavu katikati. Mstari ulionyooka ni lugha ambayo mkulima yeyote duniani anaisoma: hapa pana mwenyewe. Kila mwanzo wa mstari chomeka kibao chenye picha ya mboga iliyopikwa, siyo jina tu. Na ukate kabla haijatoa mbegu. Ukiiacha ikamwaga mbegu kwenye vipande vya watu, mzee atakuwa na haki ya kulalamika, na mimi nitamuunga mkono.

Jambo la kukufariji: mwezi huu jua la Colorado linakaa karibu saa 15, wakati Uvira ni saa 12 mwaka mzima. Mchicha ukipata mchana mrefu huchelewa kutoa maua, kwa hiyo utachuma majani muda mrefu kuliko ulivyozoea. Kunde za mbegu ya nyumbani huenda zikakufanyia kinyume: zitatambaa na kujaza majani, kisha baridi ifike kabla hazijatoa hata ganda moja. Usilaumu udongo wala jirani. Mbegu yenyewe inasubiri siku zifupike. Zipande kwa ajili ya majani. Matembele yanafanya vizuri. Muhogo usihangaike nao kabisa, sombe (kisamvu) iliyogandishwa inauzwa.

Neno moja kuhusu mnavu kama unafikiria kuupanda. Wamarekani wengi wanauhesabu kuwa sumu, na matunda yake mabichi kweli yana sumu. Bustani ambayo watoto wanacheza, mimi ningesubiri mwaka wa pili, watu wakishanizoea.

Maji. Wanaosema penye wengi hapaharibiki neno hawajawahi kugombania mpira wa maji mwezi Julai. Aurora na Denver hupata mvua na theluji chini ya milimita 400 kwa mwaka, na nyingi haziji wakati unapozitaka. Bila bomba hakuna bustani. Na mpaka mwaka 2016 kukinga maji ya mvua nyumbani, kwa watu wengi, kulikuwa ni kosa Colorado. Sasa mwenye nyumba anaruhusiwa mapipa mawili, jumla lita kama 416, na ruhusa hiyo ni ya nyumba za kuishi. Kwa hiyo usije ukaweka pipa lako bustanini kwa nia njema ukajikuta umeongeza kesi nyingine.

Tatizo lenu la jioni si uhaba wa maji, ni saa. Wote mnatoka kazini muda mmoja na bomba ni moja. Wachagga wa Kilimanjaro walilitatua jambo hili kabla wageni wa Ulaya hawajafika karne ya 19. Mifongo yao, mifereji inayoshusha maji ya mlimani kwenye mashamba ya migomba, ilikuwa na zamu zinazojulikana, msimamizi wake, na siku ya wote kwenda kusafisha. Asiyefika alitozwa faini, zamani hata ya pombe. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobeli ya Uchumi, mwaka 2009, alichunguza mifereji ya namna hii Nepal. Aligundua kwamba iliyosimamiwa na wakulima wenyewe mara nyingi ilifikisha maji vizuri kwa watu wa mwisho wa mfereji kuliko ile iliyojengwa na kuendeshwa na serikali kwa saruji na gharama kubwa. Nakutajia hili kwa sababu nyingine pia. Wanepali wa Bhutan wengi walikuwa wakulima kabla ya kufukuzwa kwao miaka ya 1990, na mzee wa familia hiyo huenda anajua kugawana maji kuliko kamati yote. Muulizeni.

Pendekezo langu ni dogo. Ubao getini, wenye picha ya kila kipande na siku zake: vipande vya upande mmoja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, vya upande wa pili Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, Jumapili ni ya aliyekosa zamu. Dakika 20 kwa mtu, wenye watoto wachanga waanze. Tuta likifunikwa matandazo ya kutosha halihitaji maji kila siku hata kwenye jua lile. Asubuhi ni bora kuliko jioni kwa yeyote anayeweza. Faini ya kwanza iwe onyo la mdomo, ya pili ni kufagia njia, na hakuna kumfukuza mtu kwa kosa la maji. Sheria ikianza na adhabu kubwa, hakuna atakayeitekeleza, maana nani anataka kumnyang'anya jirani chakula?

Mboji hukuiuliza, lakini nakuonya kwa sababu ndiyo ugomvi wa mwakani. Siku moja mtu mwema ataleta gari la samadi ya farasi, bure, na wote mtashangilia. Nyasi wanazolishwa farasi wakati mwingine zimepigwa dawa za kuua magugu ya majani mapana, na dawa hizo hupita tumboni mwa mnyama zikiwa na nguvu zao. Mkiimwaga bustani nzima, nyanya na maharage ya kila mtu yatajikunja, na lawama itamwendea mgeni wa karibuni. Kabla ya kuisambaza, changanyeni kidogo na udongo kwenye makopo matatu, pandeni maharage, subirini wiki tatu. Yakiota yamenyooka, tumieni. Fanyeni jaribio hilo mbele ya wote, hata wasiojua Kiingereza wataliona kwa macho.

Hapo nafika kwenye mikutano. Dada, mtoto wa miaka kumi na mbili asitafsiri ugomvi wa watu wazima. Atafsiri tarehe, atafsiri bei ya mbegu, sawa. Lakini ukimweka katikati ya mama yake na mzee aliyekasirika, atapunguza maneno huku na kule kwa aibu, kila upande utaelewa nusu, na yeye ataibeba lawama ambayo si yake. Ukihitaji mkalimani, waulize waliowapokea mlipofika Aurora, au kiongozi wa bustani. Wengi wanao watu hata wa kwenye simu. Bora zaidi, omba mkutano usiwe wa viti. Uwe wa kutembea: mnaanzia getini, mnapita kila kipande, mwenye kipande anaonesha alichopanda na kusema jambo moja linalomkera. Anayetembea anaonesha kwa kidole. Kwenye viti, anayejua Kiingereza ndiye anayesema, na wengine wanatingisha kichwa wakisubiri kurudi nyumbani.

Mzee mwenyewe nenda kwake kabla ya mkutano wowote, ukiwa peke yako. Usiende na malalamiko, nenda na miche mitatu ya lengalenga kwenye kopo, umwombe akuoneshe pa kuipanda kwenye kipande chake. Kumpa mboga iliyopikwa ni vizuri, lakini chakula anaweza kukipokea kwa adabu na kukimwaga. Mche aliouotesha mwenyewe hataung'oa tena, wala wa kwako. Kisha muulize kuhusu mvua ya mawe. Nakuhakikishia ataongea. Ukanda huo wa Colorado unapigwa na mvua ya mawe kuliko sehemu nyingi za Marekani, na mzee aliyelima hapo anajua wingu gani la kuogopa na atakuonesha namna ya kukinga tuta kwa wavu. Huo ni ujuzi ambao mimi sina wa kukupa kwa barua.

Ila ujue na mipaka yao. Mmarekani anaweza kukuambia kosa lako waziwazi, au kukuandikia ujumbe wenye vipengele vya kanuni, na moyoni hana neno baya na wewe; ni desturi tu. Kwa upande mwingine, kuchuma hata jani moja kwenye kipande chake bila kuuliza ni wizi, hata kama mboga zinaozea pale. Waambie watoto mapema. Na wewe una haki ya mpaka huo huo. Alichofanya mzee, kuingia kipande cha mtu na kung'oa bila kuuliza, ni kosa kwa kanuni za karibu kila bustani ya jamii Marekani, nia ikiwa njema au mbaya. Mwombe kiongozi wa bustani aliweke hilo wazi kwenye ubao kwa maneno mafupi na picha: usiguse kipande kisicho chako. Hilo lisemwe kwa wote, siyo kwa kumtaja mzee.

Jambo moja zaidi ningekuomba ulipendekeze: tuta moja la wote. Bustani nyingi zina kona iliyobaki wazi, karibu na lundo la mboji au nyuma ya banda. Humo pandeni mchicha, ngaingai na maboga, vile vitu mnavyokula karibu wote, na kila mtu achume kwa ajili ya siku moja. Kazi yake iwe Jumamosi moja kwa mwezi, saa mbili. Usitegemee watu wote wafike. Wakifika nusu umeshinda, na ndani ya msimu mmoja utajua nani anaweza kukushikia zamu ya maji ukiugua.

Kwa hiyo niache au nibaki? Baki mpaka Oktoba. Umeshalipia kipande, udongo umeshalimwa, na mboga ya wiki nne si ya kuikimbia. Bustani hizo nyingi hufanya siku ya usafi wa kufunga msimu baridi inapoanza. Siku hiyo peleka mambo matatu tu: ubao wa zamu, kanuni ya kutogusa kipande cha mwenzako, na tuta la wote. Wakikubali mawili, jiandikishe tena. Wakikataa yote, au ukiona kwamba zamu ni za wengine na kazi ni yako, omba kuhamishiwa bustani nyingine iliyo karibu na mabasi yenu. Omba kabla ya Januari, dada, kwa sababu ikifika Machi orodha za kusubiri huenda zimeshajaa.